Kilimanjaro kwa ubao mmoja: mbingu imegeuka kijani, wino haukauki, rejista (rangi kukaa mahali pake) inatoka. Naombeni msaada wakuu

mchongaji_moshi

Wakuu heshima kwenu. Niko Moshi, kazi yangu ya kila siku ni kuandika mabango na kuchora kuta za maduka ila mwaka wa pili huu nimeingia kwenye chapa za mbao na kwa kweli zimenikamata. Nilianza na nyeusi tupu juu ya karatasi nyeupe, nikatoa mbuzi, sura za wazee, migomba, zikakubali. Sasa nataka rangi, na nataka mlima.

Njia niliyoshika ni ile ya ubao mmoja unaoupunguza. Kwa ambao hawajaiona ni hivi, unachonga kidogo, unapaka rangi nyepesi kuliko zote, unachapa karatasi zako ZOTE, halafu unarudi kwenye ubao uleule unachonga tena, unapaka rangi inayofuata unachapa juu ya zilezile karatasi, unachonga tena unachapa tena, mpaka ubao unabaki na vipande vichache tu vya rangi nzito ya mwisho. Hakuna kurudi nyuma, ubao wa rangi ya kwanza umeshakuwa maranda sakafuni. Ndo maana wengine wanaiita chapa ya kujiua.

Picha ni Kilimanjaro alfajiri, theluji ya Kibo imeshika pinki, chini yake msitu, halafu mbele huku migomba na kahawa. Ubao ni plaiwudi ya sentimita 40 kwa 30. Karatasi ni manila nyeupe, nilikata 15. Wino ni wa ofseti, jamaa wa kiwanda cha uchapaji aliniuzia vikopo vilivyobaki, njano, bluu, nyekundu na nyeusi. Nachapa kwa mkono, nasugua na mgongo wa mwiko.

Sasa shida. Nilianza na njano karatasi nzima isipokuwa theluji, nikijua jua la asubuhi liko kila mahali. Nikachonga, nikaleta bluu ya mbingu, mbingu ikawa kijani kama shamba la mpunga. Nikasema sawa nitaendelea, nikaja kwenye majani ya migomba, rangi ya tatu ikakaa pembeni kama milimita 3 hivi, kila jani lina kivuli ambacho sikukichonga, na sio kwamba zote zimehama upande mmoja, kila karatasi imehama kivyake. Halafu leo siku ya tano wino bado unashika kidole. Wino ulikuwa mzito sana nikaongeza mafuta ya kupikia kidogo, sijui kama ndo yenyewe. Zimebaki karatasi 9 zenye nafuu. Picha nimeweka hapo chini, migomba peke yake niliichonga siku nne.

Niendelee na hizi 9 au nianze upya? Na nikianza upya nibadilishe nini?

wino_mzito

Pole mkuu. Mi nimekaa na mashine ya ofseti miaka 14, ngoja nianze na mbingu maana jibu liko ndani ya kopo. Huo wino uliouziwa ni wa rangi nne, njano, sayani (hiyo bluu yako), majenta (hiyo nyekundu yako) na nyeusi, na umetengenezwa makusudi upitishe mwanga. Ndo kazi yake. Kalenda unayoiona ukutani kijani chake hakikutoka kwenye kopo la kijani, kimetoka kwa njano na sayani kukaliana. Kwa hiyo ulichofanya ni kilekile mashine yangu inachofanya kila siku, ila wewe hukukitaka.

Ukitaka bluu ikae juu ya rangi nyingine ibaki bluu lazima uipe uzito kwa nyeupe. Na hapa uwe makini maana nyeupe ziko mbili, kuna ile inaonekana nyeupe kwenye kopo lakini ukiipaka inapotea, hiyo inapunguza tu nguvu ya rangi, na kuna nyeupe inayofunika kweli. Kwa mbingu unataka inayofunika. Ile ya kupotea usiidharau, kwa ukungu wa asubuhi itakufaa sana, inakupa rangi nyembamba inayopita juu ya mlima na kuubadilisha kidogo tu. Hata hivyo nyeupe inayofunika nayo ina mwisho wake, juu ya njano kali kama hiyo yako bado itaonyesha njano kwa chini.

Kuhusu kukauka, ndio, ni mafuta. Wino huu haukauki kama nguo ya maji, unakauka kwa kula hewa, oksijeni inaingia kwenye mafuta yake yanaganda. Mafuta ya kupikia hayana tabia hiyo, ya alizeti yanajikongoja, ya mawese hayagandi kabisa. Kulainisha tumia mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, hardware wanawauzia mafundi rangi, tena tone kwa tone. Na kama umezirundika karatasi moja juu ya nyingine umeziziba pua. Tundika kamba ndani ya nyumba, vibanio vya nguo, kila karatasi ipate upepo wake.

Kuna draya ya kobalti, dawa ya kuharakisha wino ukauke, matone mawili matatu kwenye wino wako wote wa raundi moja yanatosha, masika hii utaihitaji. Ila usizidishe, tabaka linakuwa gumu linang'aa kama kioo na rangi inayofuata inateleza, unapata vidoadoa. Wakati mzuri wa kuleta rangi ya pili ni pale ya kwanza haichafui tena kidole ila bado haijawa ngumu kabisa.

Halafu paka kidogo. Rola ikipita kwenye wino isikilize, ikitoa sauti nyembamba kama kitunguu kwenye moto wa chini, hicho ndo kiasi. Ikitoa sauti ya kunata kama tope, punguza.

Hizo 9 za mafuta ya kupikia mimi nisingezitegemea.

upande_wa_pili

Niko Loitokitok. Nimefungua hiyo picha yako nikashtuka kidogo kwa sababu Mawenzi iko kushoto na Kibo iko kulia, na hivyo ndivyo sisi tunaona mlima tukiwa huku Kenya. Nyinyi wa Moshi si mnaona Kibo kushoto, Mawenzi kulia? Nadhani ulichora kwenye ubao moja kwa moja bila kugeuza, na ukichapa kila kitu kinageuka.

mchongaji_moshi

@upande_wa_pili aisee. Nimetoka nje nikaangalia mlima kama mgeni. Ni kweli kabisa, Kibo kushoto. Kwenye mbuzi na sura za wazee kugeuka hakukunionyesha kitu, lakini mlima huu hapa mjini kila mtu anaujua, nikiutundika dukani hivi watu watauliza niliuchorea wapi. Asante sana ndugu yangu.

ubao_na_rangi

Basi hilo limekuamulia mkuu, anza upya, na usizitupe hizo 9, utajaribia rangi juu yake.

Mimi niko Dar, nachapa kwa njia hii muda sasa na nimeharibu mbao nyingi tu kabla sijaielewa, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Kwanza kugeuza. Chora mlima wako kwenye tresing pepa kama unavyouona, geuza karatasi kifudifudi juu ya ubao, weka kaboni pepa katikati, pitisha kalamu. Halafu mistari yote ipitie kwa maka pen isiyofutika, la sivyo ukisafisha ubao mara ya kwanza mchoro wote unaondoka na kitambaa. Kabla ya kuchonga paka ubao wino mwembamba wa rangi yoyote uliolainishwa na mafuta ya taa, ukauke, ili kila unapopita patasi uone mbao nyeupe na ujue umeondoa wapi.

Pili, na hapa ndo penye utamu wenyewe. Wewe ulianza na swali la jua liko wapi. Kwa ubao mmoja swali la kwanza ni nini kiko MBALI. Simama nyuma ya nyumba yako alfajiri uangalie. Mbingu nyepesi kuliko vyote. Mlima uko mbali, hewa imejaa katikati, kwa hiyo hata jiwe jeusi la Mawenzi linaonekana zambarau ya majimaji. Msitu uko karibu kidogo, umekolea. Migomba iko hapa hapa, ina kijani kizito na vivuli karibu vyeusi. Yani nchi ya milima imeshajipanga yenyewe kutoka nyepesi kwenda nzito, kutoka nyuma kuja mbele, na njia ya kupunguza inakwenda hivyohivyo. Ukimaliza kuchapa mbingu unaichonga yote unaitoa, kazi ya mbingu imeisha. Ukimaliza mlima unautoa. Unakuja mbele mpaka mwisho ubaoni yamebaki mashina ya migomba na vivuli vya mibuni tu. Kwa mandhari ya namna hii sijaona njia inayokaa vizuri kuliko hii.

Theluji ni karatasi yenyewe. Ichonge kabla hujafungua hata kopo moja. Na pinki ya theluji usiwe na haraka nayo, acha upande wa kulia kule jua linakotokea mistari michache isiyochongwa, rangi ya kwanza ikiwa na pinki kidogo itaikamata.

Kwako ningefanya hivi. Rangi ya kwanza usipake moja, mimina tatu pembeni kwa pembeni kwenye kioo, bluu nyepesi sana yenye nyeupe nyingi, pinki, na njano, pitisha rola pana huku na huku mpaka mipaka ilegee, halafu paka ubao bluu ikiwa juu, pinki kwenye upeo, njano chini kwenye migomba. Raundi moja tayari una mbingu ya alfajiri na mwanga wa majani, na njano haijagusa mbingu kabisa. Tatizo la kijani limekufa hapo.

Raundi ya pili umeshachonga mbingu yote. Unaleta zambarau ya mlima kwa rola ndogo, sehemu ya juu tu. Huku chini kwenye migomba, kwa rola nyingine ndogo, unaweka kijani cha kwanza kilicho chepesi. Ubao mmoja, raundi moja, rangi mbili, maana mlima na migomba havigusani, kuna msitu katikati. Rola ikikuvuka mpaka, kata gazeti kwa umbo la sehemu usiyoitaka, liweke juu ya wino kabla ya karatasi, litaziba. Raundi ya tatu msitu na kijani kilichokolea, raundi ya nne nzito ya mwisho, na hiyo usitumie nyeusi ya kopo, changanya bluu na nyekundu na njano kidogo upate giza lenye uhai. Umepata rangi nyingi kwa raundi nne, na raundi chache maana yake nafasi chache za rejista kukutoka.

Karatasi. Ukitaka 12 nzuri anza na 22. Kila raundi itakula moja au mbili, hilo halikwepeki, na huwezi kuongeza karatasi katikati ya safari.

Na niseme hili kwa vijana wanaosoma hapa, maana nimesikia watu wanasema hii ni kazi ya Ulaya. Ni kweli mchoraji Picasso aliipa jina kubwa, akiwa Vallauris kusini mwa Ufaransa na mchapaji wake Arnéra. Mwaka 1958 alichapa picha ya mwanamke akifuata mchoro wa zamani wa Cranach, akachonga lino (kapeti laini ya sakafu inayochongwa kama ubao) tofauti kwa kila rangi, kulinganisha kukamtesa, na miaka iliyofuata akageukia kupunguza lino moja. Lakini hapa jirani Uganda kuna Fred Mutebi, amesoma sanaa Makerere, na jina lake limejengwa hasa na njia hiihii ya ubao wa mti mmoja na rangi nyingi. Tafuteni kazi zake mtandaoni mziangalie taratibu, mhesabu rangi, mjiulize ipi ilitangulia. Mimi hilo zoezi limenifundisha kuliko mtu yeyote aliyesimama mbele yangu.

mama_batiki

Wanangu mi sijui chapa za mbao, mi ni mtu wa batiki hapa Mwanza miaka 20 na zaidi, binti yangu ndo kanionyesha hii. Nimesoma nikasema mbona hii kazi ni yetu.

Batiki unaanza na kitambaa cheupe. Unapotaka pabaki peupe unapaka mshumaa ulioyeyushwa, unachovya njano. Panapotaka kubaki njano unapaka mshumaa, unachovya nyekundu, inatoka chungwa. Panapobaki chungwa unaziba, unachovya kahawia au bluu nzito. Mwisho unachemsha kitambaa mshumaa utoke na picha yote inajitokeza. Wewe patasi yako ndo mshumaa. Huchongi ili kuchora kitu, unachonga ili kuilinda rangi iliyokwisha kukaa. Wasichana ninaowafundisha wanachelewa hapohapo, mtu anashika brashi anapaka mshumaa kwenye ua akidhani anachora ua, kumbe anatakiwa ajiulize hii rangi iliyopo sasa hivi naitaka ibaki wapi.

Na sisi rangi zetu zote zinapitisha, kila rangi inakula iliyoko chini, hatuna nyeupe ya kufunika. Ndo maana nakwambia panga rangi za ukoo mmoja. Njano, chungwa, nyekundu, kahawia, hizo ni ndugu, hazigombani. Bluu na njano ukizikutanisha watazaa kijani tu, upende usipende. Ukizitaka zote mbili safi kwenye kitambaa kimoja lazima kila moja uipe chumba chake toka mwanzo, kama huyo kijana wa Dar alivyokwambia.

Kitu kingine, kabla sijagusa kitambaa kikubwa nachovya kipande kidogo rangi zote kwa mpangilio, nakiandika namba, nakihifadhi. Hizo karatasi zako 9 zifanyie hivyo.

mchongaji_moshi

Shikamoo mama. Hilo la kulinda limeniingia kweli, nimelisoma mara tatu.

mama_batiki

Marahaba mwanangu. Kazi njema.

kibao_kwa_rangi

Naomba nipingane kidogo kwa heshima zote. Kwa nini ujiue? Wajapani mlima wao Fuji waliutoa kwa rangi nzuri hadi leo dunia inashangaa, na walichonga ubao tofauti kwa kila rangi. Mchoraji wao Hokusai miaka ya 1830 alitoa mfululizo wake wa mandhari za Fuji, unaitwa thelathini na sita ila picha zenyewe ni 46, na zilichapwa nyingi na kurudiwa kwa sababu mbao zilikuwepo. Walitumia mti wa mcheri, mgumu, unachukua mstari mwembamba kama unywele. Mteja wako akipenda huo mlima mwakani akataka mwingine utamwambia nini? Kwa ubao mmoja umemaliza 12 basi, umefunga duka. Kwa mbao tano unachapa ukiwa mzee.

ubao_na_rangi

@kibao_kwa_rangi hoja yako ina uzito na mimi sikatai, kwa mtu anayetaka kuuza kadi mwaka mzima mbao nyingi ni sawa kabisa. Ila angalia mambo mawili. Hokusai alichora, mchongaji alikuwa mtu mwingine, mchapaji mwingine, na mwenye mtaji wa kutoa kazi mwingine. Huyu ndugu yetu yuko peke yake na mwiko. Mbao tano ni plaiwudi tano na kila mpaka wa rangi unachongwa mara mbili, mara moja kwenye ubao huu mara moja kwenye ule, na lazima vikutane. Kwa ubao mmoja mpaka wa mlima na mbingu ni uleule mmoja, umetoka kwenye mbao ileile, ukishika rejista hauwezi kukataa kukutana.

Pia kuna kitu kinachotokea ambacho siwezi kukieleza vizuri ila walioifanya wanakijua, kila raundi unaangalia karatasi uliyonayo mkononi, sio mchoro wa mwanzo, na karatasi inakuambia cha kuchonga. Mbingu ikitoka na joto zaidi ya ulivyopanga, mlima nao unaubadilisha. Kwa mbao tano kila kitu umeshaamua kabla ya kuchapa. Kwa mandhari, mwanga unaobadilika kila dakika, mimi naupenda huo uhuru.

kibao_kwa_rangi

Hapo kwenye mpaka mmoja nimekuelewa. Kwenye mteja wa mwakani bado sijakubali 😀

fundi_panchi

Mimi seremala. Hakuna aliyemjibu kijana kuhusu rejista na plaiwudi yake wakati ndo imemla majani.

Plaiwudi mbichi inavimba na kupinda masika. Ukiiosha kwa maji ndo kabisa. Piga msasa, paka sendisila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao) pande ZOTE mbili na kingo, sio mbele tu, ukipaka upande mmoja itapinda. Acha ikauke, msasa mwepesi tena ndo uchore. Chagua ubao ambao tabaka la juu halina mapengo, gonga kwa kucha usikilize, pakilia tupu ndani hapo patabomoka ukichonga mstari mwembamba. Kusafisha tumia kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, maji usilete.

Sasa karatasi kuhama kila moja kivyake, hiyo inamaanisha ulikuwa unakadiria kwa macho. Nilimtengenezea jirani yangu anayechapa kitu hiki, hakina gharama. Chukua kipande cha MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) kikubwa kuliko ubao, pigilia vipande viwili vya mbao vikiwa na pembe ya mraba, ubao wako ukae humo na kusukumwa kwenye kona kila mara. Upande wa juu bandika kipande kingine cha mbao chenye kimo sawasawa na ubao wako, na juu yake simamisha vigingi viwili vya milimita 6, kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine milimita 80. Kwa nini 80, kwa sababu panchi ya ofisini ya matundu mawili inatoboa hivyohivyo. Unatoboa vipande vidogo vya manila, au plastiki ya faili ambayo ni imara zaidi, unavivisha kwenye vigingi, unalaza karatasi yako, unaibandika kwenye hicho kipande kwa gundi ya tepu. Kipande kinabaki kwenye karatasi hiyo mpaka rangi ya mwisho. Kila raundi unavisha tu, karatasi haina pa kwenda. Ukimaliza unakata.

Vigingi visizidi kimo cha milimita 4 hivi, visije kukwaruza mkono unaposugua. Na nyuma ya kila karatasi andika namba na mshale wa juu kwa penseli.

Patasi, kama huna ya mviringo nyembamba, ubavu wa mwavuli mbovu ule wenye mfereji unafaa sana, ukate kwa mshazari, unoe, uchomeke kwenye mpini wa mti. Kwa nyasi na majani membamba hakuna kinachoushinda.

mchongaji_moshi

@fundi_panchi ndugu hii ya panchi imenifanya nicheke peke yangu, panchi ninayo mezani miaka yote. Kweli nilikuwa nakadiria kwa macho, nilichora alama za kona kwenye meza na ubao ulikuwa unasogea nikisugua.

Swali moja tu nimebaki nalo. Manila nibadilishe? Na nisugue kiasi gani, mkono uliniuma siku mbili.

wino_mzito

Manila sio mbaya kwa kuanzia, inabeba tabaka nyingi bila kulegea, ila baada ya miaka itageuka njano kidogo na kukakamaa. Kwa kazi ya kuuza tafuta karatasi ya pamba kama unaweza kuipata, gramu 200 kushuka chini kwa kusugua na mwiko, zaidi ya hapo mkono utakufa. Usiilowanishe kwa wino wa mafuta, ikilowa inatanuka na ikikauka inarudi, rejista yako ya panchi yote itakuwa kazi bure. Na zote 22 zikae chumba kimoja toka mwanzo hadi mwisho.

ubao_na_rangi

Kusugua, weka karatasi nyembamba ya kuokea juu ya kazi yako mwiko uteleze usichubue, anza katikati kwenda nje, miduara midogo. Kabla hujabandua nyanyua kona moja uchungulie, pakiwa hafifu rudisha usugue tena. Hiyo ndo faida ya mkono juu ya mashine.

mchongaji_moshi

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita.

Ubao mpya, sendisila pande mbili, vigingi viwili. Nimegeuza mchoro na nikamwita mke wangu aangalie kwenye kioo kabla sijagusa patasi, Kibo kushoto, Mawenzi kulia, akasema sasa huo ndo mlima wetu. Theluji nimeichonga asubuhi moja na mapema nikiwa naiangalia yenyewe, nikaacha mistari upande wa jua kama ulivyosema @ubao_na_rangi.

Hizo 9 nimezifanyia zoezi la mama. Nimejifunza kwamba zambarau yangu ilikuwa nzito mno, juu ya karatasi ilifanya mlima usogee mbele ukakaribia migomba. Nimeongeza nyeupe mara mbili mpaka ukarudi nyuma unapotakiwa.

Jana nimechapa raundi ya kwanza, karatasi 22. Bluu, pinki, njano. Ya kwanza na ya pili mpaka wa bluu na pinki ulikuwa mkali, kuanzia ya tatu rola ikakolea na ikawa mbingu kweli, sijui niseme nini, nilikaa nayo tu. Zimetundikwa sebuleni kamba tatu, watoto wameambiwa wapite jikoni.

Sasa kabla sijatoa mbingu yote kwenye ubao nauliza, vile vijiupande vya majani ya migomba ambavyo jua linapita kwa nyuma yanakuwa njano kabisa, hivyo nivichonge sasa hivi au nisubiri raundi ya kijani kilichokolea?

ubao_na_rangi

Sasa hivi, kabla ya kijani cha kwanza. Kijani kikishapita juu yake njano hiyo hutaipata tena.

mchongaji_moshi

Nimeelewa. Nashika ubavu wa mwavuli.